Yasiyoingia kwenye Muhtasari

Muhtasari unasema: kikao kilifunguliwa saa moja na nusu usiku,
ukumbi wa ushirika, kijijini Pailun,
wajumbe ishirini na watatu, wenye udhuru wanne.
Mwandiko ni wangu, na sahihi ni yangu.
Sikuandika kwamba maji yalikuwa yamekwisha ingia,
kwamba tuliketi miguu juu ya matofali
kama kuku waliokosa kichaga,
na Afisa Chuang, aliyetoka makao makuu ya kaunti,
alivua viatu vyake vya ngozi, akavipakata
kama mtoto wa kuazima.

Niliandika: "Afisa aliwasilisha mradi."
Mradi wenyewe ulikuwa chaza wa saruji,
urefu wa ghorofa tatu, mdomo wazi,
na ndani lulu yenye taa za rangi saba,
ili watu wa Taipei waje wapigwe picha.
Chaza wetu hawana lulu.
Wana nyama ya ukubwa wa kidole gumba, na ganda
linalomaliza glavu mbili kwa siku.

Kicheko sikukiandika. Kilianzia nyuma,
kwa wanawake wa visu vifupi, kikaja mbele polepole
kama maji yale yale ya sakafuni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
wageni wa ramani wanakuja tangu nina meno yote,
na wagonjwa ni sisi sisi.

Ndipo aliponyanyuka Ting Yueh-o.
Miaka sabini na mmoja; arobaini na tisa kati ya hiyo
ameikalia kwenye kigoda kimoja, akipasua chaza.
Hakuhutubu. Alimwaga gunia mezani,
juu ya michoro, juu ya chai ya afisa.
"Haya ndiyo tuliyo nayo.
Mlima ulio nyuma ya nyumba yangu umepita paa.
Nzi wameuhesabu, kaunti bado.
Tuleteeni mashine ya kusaga.
Wafuga kuku wa bara wananunua unga huu.
Huyo chaza wako wa saruji, atatulisha nini?"

Kwenye muhtasari: "Mjumbe mmoja alitoa maoni tofauti."

Kisha likaja la fedha.
Kaunti sehemu saba, kijiji sehemu tatu.
Tukawa tunatazama dari.
Bích Ngà, mke wa Tsai mdogo, aliyeolewa kutoka Mekong,
ambaye kwa miaka kumi na miwili tulimwita "yule mgeni",
alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka:
kila kisu kitoe siku moja kwa wiki,
hekalu litoe kiwanja,
shule itoe ghala. "Darasa la sita," akasema,
"halina mtu tangu mwaka juzi."

Niliandika: "Shule iliafiki."
Sikuandika jinsi Mwalimu Hsiao alivyoinamisha kichwa,
wala ule muda, mrefu kuliko hotuba zote,
kabla hajasema ndiyo.
Sote tulijua. Hakuna aliyewahi kulitamka.
Mimi mwenyewe nimesoma darasa lile.
Jumamosi tulitoa madawati;
ubaoni palikuwa na hesabu ya kugawanya,
imeachwa katikati, na hakuna aliyeifuta.

Mashine imefika na skrubu zisizo zake.
Ardhi bado inashuka: ngazi za hekalu zilikuwa tisa,
leo nahesabu sita,
na unga wa maganda hautainyanyua hata moja.
Hilo nalo sikuliandika,
kwa kuwa halikuwa kwenye ajenda.

Kikao kilifungwa saa nne kasoro.
Nje, Yueh-o alimmulikia afisa njia kwa tochi;
alitembea pekupeku, viatu mkononi,
na karibu na daraja nilimsikia akiuliza,
si kwa sauti ya kikao:
"Kwani kilo moja mnauza bei gani?"
Bibi akanyamaza kidogo,
akamtajia bei, akaongeza dola mbili.