Divai Bado Inalala

Umewahi mno, mgeni. Divai bado inalala pipani
na Zihalirwa hapendi iamshwe.
Vua viatu vyako vya Bukavu, vaa buti zangu.
Ya kushoto imetoboka;
tope la Murhesa litakusalimu kidole gumba.

Teremka na mizabibu. Safu ya tisa
haijazaa tangu ile mvua ya mawe;
tunaipalilia tu,
kama mtu anavyomwandikia ndugu asiyejibu.
Ukivuka ua wa matete, simama.
Maporomoko hayaonekani, yanasikika,
mpaka ukanyage jiwe lenye ukoga
na baridi ikurukie usoni.
Maji yale usinywe.
Mimi hunywa.

Ng'ambo ya kijito ni chai,
imenyolewa kama kichwa cha mtoto wa shule,
na juu ya chai ni Kahuzi,
ukiwa umeamua kuvua ukungu wake.
Siku nyingine hauvui. Mlima haudaiwi.

Sasa geuka.
Ziwa lote lile, na visiwa vyake.
Nabintu alisimama hapo tulipopanda mche wa kwanza,
mgongoni mtoto, mkononi jembe, akasema:
"Zabibu zitakaa pazuri kuliko sisi."
Nilicheka.
Siku hizi nikikata kishada
nakionyesha ziwa kwanza, ndipo nakitia kikapuni.
Zihalirwa anadhani natafuta wadudu.

Rudi kabla ya giza. Kuna kikombe cha bati
cha ile ya mwaka jana, ina ukakasi kidogo.
Na buti, tafadhali,
uzioshe.