Tawi la Jirani

Mti ni wa Verlyn, tawi ni langu:
limevuka ua, likainamia kamba yangu ya nguo,
likazitia shuka madoa mekundu.
Miaka minne hatusemezani.

Leo, Julai ya Michigan, nimechuma ndoo nzima,
mchana kweupe.
Nimezitoa cheri kokwa kwa kibanio cha nywele,
viganja kama vya mchinjaji.
Sukari, chembe ya chumvi, na juu yake
oti, unga, siagi baridi,
nikafikicha, nikafikicha,
hasira ikawa mchanga.

Ovenini mchuzi ukatokota kingoni.
Harufu haikuuliza mpaka.

Verlyn huyo mlangoni, kijiko mfukoni.
Akala kimya. Akatema kokwa moja niliyoisahau,
akaifuta kwa kidole.
“Hii,” akasema, “ni yangu.”

Nikamwongezea.