Chumba Namba Kumi na Tisa

Alhamisi, umeme ukikatika Kikoni,
tunaingia na sufuria zetu bila kubisha hodi.
Kiti ni kimoja. Hukikalia aliyepigwa na siku kuliko wote:
ndiyo sheria pekee tuliyowahi kuipigia kura.

Tunasema Kiswahili kwa kuwa si lugha ya mama wa yeyote kati yetu.
Kwa kina Aciro kilikuwa cha vizuizi barabarani,
cha mtutu na "toa kitambulisho".
Sisi tumekifua, tumekianika dirishani kando ya soksi;
sasa kinatosha hata kwa utani.

Leo kiti ni cha Napeyok.
Darasani, uhandisi, mtu amemuuliza
kama kwao Karamoja wanajua viatu.
Wakacheka. Mhadhiri akafuta ubao,
akaufuta tena, ingawa haukuwa na neno.

Sanduku lake limefungwa kwa kamba ya katani.
Basi la Moroto huondoka saa kumi na moja alfajiri.

Hakuna anayemshauri.
Biira anamenya matoke, kisu butu, anakitukana.
Zamzam anahesabu sarafu za kopo la maziwa, anakosea, anaanza upya.
Aciro anaomba kamba: ana shuka ya kuanika.

Kamba gani, ya sanduku?

Hiyohiyo.

Napeyok analitazama fundo.
Halafu anacheka, kicheko kibaya, chenye kamasi,
na kuinama alifungue mwenyewe.

Alfajiri basi liliondoka.
Shuka ilikuwa bado mbichi.