Mioyo ya Pweza

Elimu yangu naipima kwa kilo,
pale Mlango Mmoja, kwenye mizani yenye kutu:
daftari za watoto waliokwisha hitimu,
barua za benki, vitabu vilivyovuliwa jalada,
na siku ya bahati, ensaiklopidia
iliyoliwa na mchwa toka A mpaka K.

Nakata ukurasa mara mbili, nakunja pembe,
namimina karanga za mia mbili, nabana mdomo.
Kivuko kikishaondoka Kamanga
nasoma kilichobaki.
Ndivyo nilivyoujua mji mkuu wa Mongolia,
ndivyo nilivyojua twiga ana pingili saba shingoni,
saba tu, sawa na wewe.
Lakini Roma naijua ikijengwa;
kuanguka kwake kuliondoka na abiria wa saa nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Mimi mali yangu imo ndani ya daftari
na vyote huvuka maji pamoja.

Jumamosi ya chemshabongo, ukumbi wa shule, Nyamanoro.
Zawadi baiskeli, imefungwa utepe, imeegemea ubao.
Bi Leokadia wa benki, miwani juu ya nywele:
pointi kumi na moja.
Masalu wa karanga: kumi na moja.
Mwalimu Malimi akalamba kidole, akachomoa kadi.

"Pweza ana mioyo mingapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko.
Huku tunahesabu sato, sangara, furu, kamongo;
pweza ni habari za Tanga.
Mimi sikucheka. Niliuona ukurasa wenyewe,
doa la chai pembeni, mstari wa mwisho:
*damu yake ni ya buluu, na mioyo yake ni*

basi.
Mkasi wangu ulipita hapo.

Neno lililofuata nililikunja kwa mkono huu,
mwezi wa tatu, manyunyu yameanza,
nikampa mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani.
Alitoa mia tano. Honi ikalia.
Nikamwambia, chenji utaikuta ukirudi.

"Sekunde kumi," akasema Malimi.

Kwenye vitendawili ukishindwa unatoa mji.
Ningetoa Sengerema nzima na minada yake,
ningetoa Mwanza, jiwe juu ya jiwe,
lakini kadi haipokei mji.

"Mmoja," nikasema,
maana nilikuwa nauhesabu wa kwangu
jinsi ulivyopiga.

"Mitatu," akasema Bi Leokadia,
wala miwani hakuishusha.
Akaondoka na baiskeli akiisukuma.
Kuipanda hajui.

Siku hizi nasoma mbele na nyuma ndipo nikate.
Foleni inanuna: "Wewe Masalu, karanga au shule?"
Nawaambia subirini, nimefika kwenye volkano.
Na kila kivuko kikigusa gati, mlango wa chuma ukalala,
nainua shingo yangu ya pingili saba
natafuta ndoo ya dagaa.

Mia tatu yake ninayo, kwenye kopo la peke yake.
Akija nitamlipa.
Ila nitamuuliza kwanza kama aliusoma,
au alifutia chumvi tu vidole,
akaachia upepo
katikati ya ziwa.