Sababu ya Kuacha

Mwalimu Mkuu kanipa karatasi moja:
"Andika historia ya Shule ya Msingi Chinyambwa, isizidi hapo.
Mgeni rasmi hana muda."
Nikafungua kabati. Mchwa walinitangulia.

Rejista ya kwanza, mwaka sitini na tatu:
watoto thelathini na wawili, mwalimu mmoja, Yohana Chilewa,
mwandiko wake umelala upande
kama mtama uliopigwa na upepo.
Darasa lilikuwa tembe ya Mbeleje:
ndama wakitolewa asubuhi, watoto wakiingizwa,
harufu ikibaki kusoma nao.

Safu ya mwisho ina kichwa: Sababu ya kuacha.
Nambari 7, Lechipya: kuchunga.
Nambari 12, Mnyamagola: kuchunga.
15, njaa. 16, njaa. 17, njaa,
na hapo wino umekolea,
kana kwamba kalamu ilisimama kidogo.

Mwaka sabini na nne, wiki sita hakuna mahudhurio.
Operesheni ilihamisha kijiji, shule ikafuata.
Wavulana wanne walibeba ubao vichwani maili tisa,
mvua ikawakuta njiani, ikafuta hesabu za kugawanya.
Chilewa kaandika pembeni:
"Tumefika. Ubao mzima. Chaki zimelowa."

Nambari 203, Sechelela Masinga, darasa la pili.
Safu ya mwisho ni tundu.
Mchwa wamekula sababu.

Huyo ni mama yangu.

Nilimkuta uani akipepeta uwele.
Hakuinua macho.
"Walikuwa wanafyatua matofali.
Sisi wasichana wakubwa tukaambiwa tuchote maji
kwenye mashimo ya mchanga, kule korongoni.
Wiki moja tu, walisema.
Jengo likaisha. Mimi nilikuwa nimeshazoea njia,
na baba alikuwa ameshazoea maji."
Akapuliza makapi.
"Ukuta wa darasa la pili ni ndoo zangu.
Kaandike, kama nafasi ipo."

Nafasi haikuwepo.
Walimu wakuu tisa na majina yao,
matundu kumi ya vyoo, bati la mwaka themanini na mbili,
wafadhili, shukrani.
Mgeni rasmi alichelewa, akasoma nusu, tukapiga makofi.

Jioni nikarudi kabatini.
Tundu halishiki wino.
Nikaandika pembeni, chini ya Chilewa:
203. Maji.