Hesabu ya Mchonga Mawe

Frigia, jiwe jeupe la Dokimio.
Wanawe wananilipa kwa herufi,
ndiyo maana maneno ni machache:
Trofime, mke wa Zotiko. Miaka sitini.
Chini yake kitana, kioo, kijiti cha sufu,
kama kaburi la mke yeyote wa bonde hili.

Mimi si wa dini yake.
Mungu wangu ni wa radi; kila mavuno namchinjia jogoo.

Lakini jana, sijashika hata tindo,
waliingia wanawake wanne kutoka nyuma ya mlima,
theluji ingali kwenye pindo za nguo.
Mmoja mtumwa, shingo ina kovu la pete ya chuma.
Wakanieleza alivyowafikia
mguu umevimba, mkate kwapani,
akawabatiza mtoni usiku, mmoja mmoja,
akiwashika kichwa kama mkunga.

"Kusoma hakujua," alisema mtumwa.
"Waraka aliushika juu chini,
akautoa wote, neno kwa neno,
nasi tukanyamaza."

Fedha hawakuwa nazo. Walileta jibini.
Waliomba kubadhi.

Nimepima. Kati ya kitana na kioo
linaenea moja, dogo,
kisigino kimelika upande wa nje,
maana ndivyo alivyokanyaga, walisema,
na walibishana kidogo ni mguu upi.

Wanawe wakiuliza
nitasema jiwe lilikuwa na ufa pale,
ikabidi niufiche.

Jibini nimekwisha kula. Chumvi ilizidi.