Futi Moja na Inchi Tano

Aikande amenisubiri tangu saa kumi na moja.
Ninaingia na vumbi la mkaratusi kwenye nyusi,
sijavua viatu, na daftari liko mezani,
limefunguliwa kwenye ukurasa wa miraba.
Limebaki swali moja, la mwisho, lenye nyota:
robo tatu jumlisha theluthi mbili.

Baba, si wewe ni fundi?

Mimi ni fundi. Nusu ya Pasua wanalalia vitanda vyangu.
Nikasema, lete. Tatu na mbili, tano.
Nne na tatu, saba. Andika tano juu ya saba.
Nikaomba maji ya kunawa, kama mtu aliyemaliza kazi.

Nakijwa alikuwa anapima maziwa ya wateja wa jioni.
Aliishia la nne, huko Usangi,
mwaka ule mama yake alipolala kitandani asiinuke.
Akasema bila kugeuka: Hiyo ni hesabu gani?
Robo tatu ya lita naijua, inafika hapa
(kidole kwenye jagi),
ukiniongezea theluthi mbili, inamwagika.
Ninyi mmeongeza, ikapungua.
Maziwa yangu yamekwenda wapi?

Mvua kwenye bati.
Aikande akafuta, akafuta, karatasi ikatoboka.

Mwalimu kasema asili zikitofautiana hazijumlishwi
mpaka kwanza zipatane.
Asili?
Ile namba ya chini, Baba.
Nakijwa akacheka kwa puani,
nami nilijua anamkumbuka nani:
shangazi yangu wa Kibosho, siku ya posa,
akihesabu kwa vidole sababu za kutomleta Mpare nyumbani.
Vidole vilimwishia, akaanza upya.

Lakini zinapatanaje? Hapo
tukakwama wote watatu.
Mtoto akataja KDS.
Nikatikisa kichwa kama mtu anayeifahamu.
Niliwahi kuijua, au niliwahi kukaa nayo chumba kimoja,
darasa la tano, dawati la nyuma,
mwalimu akipita na fimbo ya mpera
nami nikiomba isiwe zamu yangu.
Ilikuwa zamu yangu.
Tangu siku hiyo namba ikiwa ubaoni naona fimbo.
Ikiwa kwenye ubao wa kupasua, naona kitanda.

Umeme ukakatika.
Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kiberiti
nikashika tepu.

Aikande, futi moja ni inchi ngapi?
Kumi na mbili.
Nikaivuta juu ya meza, Nakijwa akamulika kwa simu.
Robo tatu yake? Kidole gumba kilifika kabla yangu:
tisa. Nikatia alama ya penseli.
Theluthi mbili ni nane. Ongeza hapo hapo, usirudi nyuma.
Kumi na saba, akasema mtoto, akaziba mdomo.
Futi moja imejaa, Baba. Zimezidi tano.
Moja, na tano juu ya kumi na mbili.

Inamwagika, akasema Nakijwa. Si nilisema?
Ndipo tukasikia harufu ya wali.
Tulikula ukoko gizani, na hakuna aliyelalamika,
hata Aikande, ambaye hulalamikia chumvi.

Kesho yake daftari lilirudi
na vema moja nyekundu, ndogo, ya kubania,
chini yake maneno matatu: Njia iko wapi?

Niandike nini, Baba?

Niliketi na swali hilo mpaka chai ikapoa.
Mwalimu hana kosa, njia haimo daftarini.
Iko kwenye ukingo wa meza, alama mbili za penseli,
moja kwenye tisa, moja kwenye kumi na saba.
Nakijwa hupangusa meza ile kila alfajiri
kabla hajaenda kuchukua maziwa.
Akifika pale, kitambaa hukipitisha pembeni.